UZI: McCormick WD-6 ya babu inawaka kwa petroli vizuri, nikihamishia dizeli inazima. Mafundi wa Urambo na Tabora, naomba msaada

Kijana_wa_Usoke

Wakuu habarini za majukumu.

Tuna trekta la zamani hapa Usoke, wilaya ya Urambo. McCormick WD-6, silinda nne. Babu alilinunua kwa mkulima mmoja wa tumbaku, likalima miaka mingi, na baba akaliendeleza mpaka alipoanza kuumwa mgongo. Tangu hapo limekaa bandani misimu kadhaa. Mvua za Novemba zinakaribia, na kukodi trekta kwa ekari kunakula faida yote ya mahindi na karanga. Nataka hili lilime.

Kwa wasiolijua: ni trekta la dizeli lakini halina plagi za kupasha moto wala haliwashwi kwa dizeli moja kwa moja. Injini ni hiyo hiyo moja, ila lina kabureta ndogo, magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi bila betri) na plagi nne za moto. Kuna liva karibu na dereva. Ukiiweka upande wa kuwashia, injini inakuwa ya petroli. Inanguruma kama dakika moja, ikipata joto unarudisha liva, petroli na moto wa plagi vinakatika, dizeli inachukua kazi.

Sasa shida yangu. Kwa petroli linawaka, japo linamisi kidogo. Nikirudisha liva linapiga mara chache, linatoa moshi mweupe, halafu moshi wenyewe unakata na injini inazima. Kila mara hivyo hivyo. Betri mpya, oili nimebadilisha, dizeli nimeongeza juu ya ile iliyokuwemo. Fundi mmoja wa hapa kijijini ameniambia pampu ya dizeli imekufa, nitafute nyingine. Kabla sijaanza kutafuta pampu ya trekta la umri huu naomba mawazo yenu.

---

Ngosha_wa_Nzega

Mkuu hilo lisikuumize kichwa. Funga mnyororo kwenye Fuso, weka gia ya tatu, livute. Likishika dizeli umemaliza. Hizo habari za petroli ni za wazungu wa baridi.

---

Mtaa_wa_Stesheni

Haya matrekta ya petroli na dizeli yaliletwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Kongwa, Nachingwea, na Urambo yenyewe. Walinunua hata matrekta yaliyobaki kutoka vita kule Ufilipino. Babu yangu alikuwa anasimulia kwamba lilikuwa na kainjini kadogo ka petroli pembeni kanakolia kama pikipiki, ndiko kanawasha injini kubwa. Sasa ndugu, hako kainjini kadogo kanawaka?

---

Fundi_Mstaafu

Salamu kwenu nyote. Nimekuwa fundi wa mitambo Urambo na Kaliua tangu enzi za vyama vya ushirika, kwa hiyo hili ninalijua kwa mikono yangu.

Kwanza tutenganishe mambo, maana Mtaa_wa_Stesheni ametaja mtambo mwingine kabisa. Kainjini ka pembeni ni ka Caterpillar, D7 na D8 za zamani. Kale kana silinda mbili, kana kluchi yake na gia yake, na kazi yake ni kuizungusha injini kubwa mpaka ipate joto. Hapa kwa kijana hakuna injini ya pili. Kampuni ya International Harvester ilifuata njia yake, kwenye matrekta ya magurudumu ikianzia trekta la WD-40 la 1935, ikaendelea nayo mpaka mwisho wa miaka ya 1950. Kila silinda ina vali tatu badala ya mbili: ya kuingiza hewa, ya kutoa moshi, na ya tatu ni vali ya kuwashia. Hiyo ya tatu ikifunguka, chumba cha kuchomea kinaongezeka ukubwa, kwa hiyo kompresheni, yaani kiasi hewa inavyobanwa, inashuka hadi kiwango cha injini ya petroli, na hapo ndipo plagi inapoonana na silinda. Ikifunga, chumba kinabana, kompresheni inapanda zaidi ya mara mbili, na dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Liva unayoishika inazisukuma vali zote nne kwa pamoja, na papo hapo inabadili njia ya hewa, inafunga petroli ya kabureta na kuua magneto.

Kwa hiyo kijana, ukisimama mbele ya WD-6 unatazama mitambo mitatu: injini ya petroli, injini ya dizeli, na viungo vya kuhamishia. Fundi anayeruka moja kwa moja kwenye pampu ya dizeli amekupa jibu kabla ya kuuliza swali. Umesema kwa petroli linamisi kidogo. Usilipite hilo. Injini inayomisi kwa petroli haiwezi kupeleka joto la kutosha silinda zote, na silinda ya baridi haichomi dizeli.

Kuhusu kuvuta na Fuso: nakuomba usifanye. Ukilivuta likiwa baridi, petroli haijalipasha, dizeli inarundikana juu ya pistoni na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Na kama kuna vali ya kuwashia iliyokwama, utakuwa unailazimisha dizeli iwake ndani ya chumba cha plagi.

Nifanyie hivi kesho asubuhi kabla hujaliwasha. Fungua plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wake, utuambie rangi ya kila moja. Halafu sikiliza magneto unapozungusha kwa handeli polepole: lazima usikie mlio wa *ka* kila inapofika zamu ya kutoa moto. Ule ni mlio wa kiungo chenye springi kinachoichelewesha magneto na kuirusha kwa ghafla ili itoe moto mkali hata injini ikienda taratibu. Usiposikia, kiungo kimeganda kwa grisi ya zamani.

Na ukishika handeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke handeli. Nimeona mikono ikivunjika kwa handeli inayorudi nyuma.

---

Kijana_wa_Usoke

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Baba amesoma nikiwa pembeni yake akasema huyu anajua.

Nimefanya. Magneto inalia *ka* vizuri. Plagi ya kwanza, ya pili na ya nne zina rangi ya kahawia, kavu. Ya tatu ni nyeusi tii, imelowa, ina masizi na harufu ya dizeli. Nikaihamishia silinda ya kwanza, ya kwanza nikaiweka ya tatu. Baada ya kuwasha kidogo na kujaribu kuhamisha, ile iliyoko shimo la tatu ndiyo imeanza kuwa nyeusi.

---

Fundi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Msalimie baba, mgongo upone.

Hapo umefanya kazi ya fundi. Ungehama uchafu pamoja na plagi, tungesema plagi mbovu. Umebaki kwenye shimo, kwa hiyo ugonjwa uko silinda ya tatu. Na harufu ya dizeli kwenye plagi inasema jambo moja tu: vali ya kuwashia ya silinda hiyo haifungi sawasawa ukihamia dizeli. Ingefunga, plagi isingeonana na dizeli hata tone.

Lakini hiyo moja haitoshi kulizima trekta. Silinda tatu zilizobaki zingelivuta, kwa kutetemeka, lakini zingelivuta. Kwa hiyo una magonjwa mawili. Namwachia nafasi mwenye uzoefu wa upande wa dizeli aseme kuhusu huo moshi.

---

Nahodha_Kibirizi

Wakuu, mimi niko Kigoma, natengeneza injini za mitumbwi na mashine za kukoboa. Trekta lenyewe sijaligusa ila dizeli ni dizeli.

Kaka, ulivyoandika una bahati umeangalia moshi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila haiungui, ama kwa baridi ama kwa kompresheni ndogo. Moshi mweusi maana yake inaungua lakini hewa haitoshi. Kusiwe na moshi kabisa maana yake dizeli haifiki. Wewe unasema mweupe *halafu unakata*. Hapo dizeli iliyokuwa kwenye mabomba ilipita, ikaisha, na nyingine haikuja nyuma yake. Hilo ni chujio lililoziba au hewa kwenye laini. Pampu ikifa haitoi hata huo mweupe wa mwanzo.

Umesema uliongeza dizeli mpya juu ya ile ya zamani. Mimi ningemwaga yote. Tanki lililokaa nusu misimu kadhaa linatoa jasho ndani, maji yanakaa chini, na kati ya maji na dizeli panaota ule utelezi mweusi. Ukiongeza mpya unautibua wote uende kwenye chujio.

Mwaga tanki, osha bakuli la kudaka maji, badili vichujio, kisha toa hewa. Anzia karibu na tanki kwenda kwenye nozo, yaani virusha dizeli vya silinda, usirukeruke. Legeza skrubu ya hewa ya chujio la kwanza, ngoja itoke dizeli isiyo na povu, kaza. Nenda chujio la pili, fanya hivyo hivyo. Kisha pampu. Mwisho kabisa legeza nati za mabomba kwenye nozo, mwenzako azungushe injini, ikitoka dizeli safi kaza. Usiweke mkono wala uso mbele ya nozo inayorusha. Ile presha inapenya ngozi, na dizeli ikiingia mwilini ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri ivimbe.

Jambo jingine, sisi hapa ziwani tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, nyie Tabora mko kama 1,200. Hewa yenu ni nyepesi zaidi. Injini yenye kompresheni ya kubahatisha inaweza kuwaka huku Kibirizi ikakugomea huko.

---

Mama_Mabani

Niongeze la petroli maana hapo ndipo nilipoumizwa mimi. Tulikuwa na trekta la hivi Kaliua, tukalitesa kwa kubadilisha platini (vikatio vya umeme ndani ya magneto) na plagi kumbe petroli yenyewe ndiyo shida. Ilikuwa ya chupa, ya kununua njiani, imechanganywa na mafuta ya taa. Serikali inaweka vinasaba, yaani alama maalum za utambuzi, kwenye mafuta kudhibiti uchakachuaji, lakini chupa ya barabarani haipimwi na mtu.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka haraka bila kuacha doa. Ikibaki alama ya mafuta, hiyo imechanganywa, na injini ya baridi haitaki kuisikia. Halafu mdogo wangu, petroli haihifadhiki kama dizeli. Ile iliyobaki ndani ya kabureta inakauka na kuacha gundi ya kahawia inayoziba vitundu. Kama hukuifungua kabureta tangu trekta liingie bandani, ifungue.

---

Ngosha_wa_Nzega

Nimesoma yote. Nakubali kuhusu kuvuta. Lakini bado nauliza kwa nia njema: kwa nini asiondoe kabureta na magneto, azibe yale matundu ya plagi, aweke stata yenye nguvu na betri mbili, liwake kwa dizeli moja kwa moja kama Massey? Nimewahi kuona mtu kafanya.

---

Fundi_Mstaafu

Swali zuri Ngosha, na wapo waliofanya. Wengi wao nimewaona wakirudi. Nozo na chumba cha kuchomea vya injini hii vilitengenezwa kwa kujua kwamba injini itakuwa imeshapata moto kabla dizeli haijaingia. Asubuhi ya Juni na Julai hapa Tabora, baridi ikikaza, bila petroli na bila plagi za kupasha, stata itazunguka mpaka betri zife. Halafu wanaanza kupuliza etha, dawa ya kuwashia inayoshika moto upesi, kwenye hewa. Etha inalipuka kabla ya wakati wake, inavunja ringi na kupasua pistoni. Mfumo wa petroli ukiwa mzima, trekta hili unaliwasha kwa handeli bila betri kabisa. Kwa mkulima aliye mbali na duka la betri hiyo ni hazina, usiitupe.

Sasa kijana. Fuata maneno ya Nahodha na ya Mama kwanza. Ukimaliza, kabla ya kuwasha, nifanyie kipimo cha mwisho. Weka liva upande wa dizeli, funga mafuta ya dizeli na ya petroli, uzungushe kwa handeli polepole mizunguko miwili kamili. Ndani ya hiyo mizunguko utapata vizuizi vinne vizito, kimoja kwa kila silinda, kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Kile kinacholainika ndicho kibovu. Kikiwa ni cha tatu peke yake, vali imekwama. Vikiwa laini vyote vinne, basi pini na viungo vya liva vimelika, liva inafika mwisho wake lakini vali hazijafunga.

---

Kijana_wa_Usoke

Mrejesho.

Tanki limetoa maji, matope na vipande vya utelezi kama alivyosema Nahodha. Chujio la kwanza lilikuwa limejaa. Kabureta ilikuwa na gundi, nimeisafisha kwa petroli ya kituoni niliyoipima kwenye karatasi. Hewa nimetoa kwa mpangilio.

Limewaka petroli, limepata moto, nimehamisha, na limeendelea kunguruma kwa dizeli! Baba alitoka nje bila fimbo yake. Pampu haikuwa na tatizo lolote.

Ila linatetemeka, na linatoa moshi mweupe kwa mapigo, *puf, puf*, si mfululizo. Nililegeza nati ya nozo moja moja. Nikilegeza ya kwanza, ya pili au ya nne, injini inashuka. Nikilegeza ya tatu hakuna mabadiliko. Kwa handeli pia kizuizi cha tatu ni laini, vingine vizito kweli kweli.

---

Nahodha_Kibirizi

Safi sana kaka. Sasa ni ya mzee hiyo.

---

Fundi_Mstaafu

Jaribu kwanza bila kufungua hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Toa kifuniko cha vali, toa plagi ya tatu. Mimina mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina la vali ya kuwashia kwa juu, na kidogo kupitia tundu la plagi. Lala nayo. Kesho mwenzako ahamishe liva huku na huku taratibu wewe ukitazama. Vali zote nne zinapaswa kushuka pamoja na kupanda pamoja. Ya tatu ikichelewa kupanda, igonge kwa kipande cha mti mgumu, mninga unatosha, wala usiinyanyue kwa bisibisi, utapinda shina. Ikirudi yenyewe kwa haraka kama wenzake, una bahati. Ikipanda kwa uvivu, fungua hedi.

Ukifungua hedi, usikimbilie kusaga vali. Tafuta ufa kwanza. Hedi za aina hii zina vyumba vingi katika chuma chembamba, na sehemu inayopasuka ni kati ya kiti cha vali ya kuwashia na chumba cha dizeli. Safisha hadi chuma king'ae, paka mafuta ya taa, subiri yapenye, futa yakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta ya taa yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia.

---

Mama_Mabani

Na gasketi ya hedi usirudishe ile ya zamani mdogo wangu. Ulizia Tabora mjini, wapo wanaokata za shaba kwa kufuata sampuli. Peleka ya zamani nzima, usiitupe.

---

Kijana_wa_Usoke

Ilikuwa inapanda kwa uvivu mzee. Tumefungua hedi, mimi na binamu yangu, baba akiwa kwenye kiti anaelekeza.

Kipimo cha chaki hakijaonyesha ufa popote. Vali ya tatu shina lake lilikuwa limeganda masizi na kutu. Kiti chake kimeliwa upande mmoja. Springi yake ni fupi kuliko tatu nyingine, ukizisimamisha mezani unaona kwa macho. Tumesaga vali na kiti kwa dawa ya kusagia mpaka mstari wa kijivu umezunguka wote bila kukatika, tukamimina petroli juu yake na haikuvuja chini. Gasketi imekatwa Tabora mjini. Nati za hedi tumekaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Nimeweka washa, kile kipete cha chuma, chini ya springi ili ikaze. Plagi ya tatu baada ya kulima robo ekari imetoka kavu. Halitetemeki tena.

Naomba mzee unielekeze njia sahihi ya kuliwasha na kulizima kila siku, maana nimegundua kila mtu hapa nyumbani ana njia yake.

---

Fundi_Mstaafu

Hongera wewe, binamu na baba. Nimefurahi kama trekta ni langu.

Kuwasha: mafuta ya dizeli yawe yamefungwa kwa liva ya mwendo. Fungua bomba la petroli, weka liva upande wa kuwashia, vuta choki, zungusha. Likiwaka rudisha choki kidogo kidogo. Liache dakika moja, asubuhi ya baridi zaidi ya hapo, mpaka lingurume bila kusitasita. Kisha fungua mwendo wa dizeli kama theluthi, na urudishe liva kwa mkono mmoja thabiti hadi mwisho. Usiilegeze katikati. Katikati ndipo dizeli na petroli zinapokutana na injini inagonga vibaya. Likishika, funga bomba la petroli.

Kuzima: lizime kwa kukata dizeli, liva ikiwa upande wa dizeli. Usiliache limelala na liva upande wa kuwashia, maana vali zinakaa wazi na unyevu unaingia kwenye viti vyake. Naamini ndivyo ile ya tatu ilivyoharibika bandani. Likikaa zaidi ya wiki, mwaga petroli yote ya kabureta. Na hata wakati wa kiangazi liwashe mara moja moja, uhamishe liva huku na huku ili vali zisigande.

Washa chini ya springi ni dawa ya muda. Itafikisha msimu huu, lakini springi iliyochoka inaendelea kuchoka. Tafuta nyingine.

---

Kijana_wa_Usoke

Nimeandika yote kwenye daftari na nimebandika nakala bandani. Ahsante mzee, ahsante Nahodha, dada yangu Mama_Mabani, na Ngosha kwa kuuliza.

Mwenye WD-6, au trekta la Farmall MD lenye injini ya aina moja nayo, iliyokufa hedi ikiwa bado na springi za vali za kuwashia, anitumie ujumbe. Niko tayari kuifuata popote kuanzia Nzega hadi Kasulu, na nikipata seti nzima ya nne nitanunua zote.